Polisi wa reli Marekani: jinsi ya kujua mamlaka yao yanaanzia wapi, na ufanye nini wakikusimamisha

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kuendesha lori huku Marekani nilipaki nje ya yadi moja ya makontena ya treni, foleni ndefu, njaa inauma, na ng'ambo ya reli naona kituo cha mafuta kina duka. Kuzunguka mpaka kwenye kivuko ni kama dakika kumi na tano, kukatiza relini ni dakika moja, basi nikakatiza. Narudi na mfuko wangu mkononi nakuta pikapu imesimama, haina maandishi yoyote, jamaa ameshuka kavaa vesti ya kuzuia risasi, beji kiunoni, anataka kitambulisho. Mi nikamjibu kwa kujiamini kabisa, we ni mlinzi wa kampuni tu huna haki ya kuniuliza kitambulisho, ngoja nipige simu polisi waje. Akatabasamu akasema polisi ndo mimi.

Na kweli ndo alikuwa yeye. Sikulala ndani siku hiyo, aliniandikia onyo jina langu likaingia kwenye mfumo wao nikaambiwa mara ya pili itakuwa kesi, ila mdomo wangu ungenigharimu leseni na mkate wangu. Tangu hapo nimeona wenzangu wengi wanafanya kosa hilohilo, wengine wanafanya kosa la upande wa pili, yani wakiona beji ya reli wanaogopa kama wamekutana na jeshi, wanakubali kila kitu, wanafungua kila kitu, wanasaini kila kitu. Kwahiyo naandika hapa nilichojifunza. Mi sio wakili, ukipata kesi tafuta wakili, lakini haya ya msingi kila anayefanya kazi karibu na reli au anayeishi jirani nayo anatakiwa ayajue.

Kwanza jua unaongea na nani

Kitu cha ajabu kwa mtu aliyekulia kwetu ni kwamba huku reli nyingi za mizigo ni mali ya kampuni binafsi. BNSF, Union Pacific, CSX, Norfolk Southern, hizo ni kampuni, na kila moja ina polisi wake inaowalipa yenyewe. Mshahara unatoka kwa kampuni, gari la kampuni, bosi wake ni mtu wa kampuni. Lakini mamlaka ya kukukamata hayatoki kwa kampuni, yanatoka kwa jimbo. Jimbo ndo linamthibitisha na kumpa kibali cha upolisi, California kwa mfano ni gavana ndo anayewateua, Texas ni idara ya usalama wa umma ya jimbo na sheria yao iliweka kikomo cha askari 250. Kwahiyo kampuni inalipa na jimbo ndo linatoa nguvu, na ukielewa hilo mengine yote yanafuata.

Hii sio kitu kipya. Karne ya 19 reli zilikuwa zinapita sehemu ambazo sherifu yuko mbali siku nzima kwa farasi, mizigo inaibwa, treni zinavamiwa, kampuni zikaanza kukodi wapelelezi wa binafsi, Allan Pinkerton alijipatia jina kwa kazi hizo. Mwaka 1865 Pennsylvania wakapitisha sheria ya kuziruhusu kampuni za reli kuwa na polisi wao, mwaka uliofuata wakaitanua mpaka kwa kampuni za makaa ya mawe na chuma, na hao wa makaa ya mawe wakaja kuwa na sifa mbaya sana kwa kuwapiga wafanyakazi waliogoma. Wa reli nao walikuwa na sifa zao, wakati wa ule mdororo mkubwa wa miaka ya 1930 watu wasio na kazi walikuwa wanadandia mabehewa kutafuta vibarua jimbo hadi jimbo na askari wa reli wanawashusha kwa virungu, mpaka leo wadandiaji wanawaita "bull", yani fahali. Siku hizi mambo yamebadilika, wamesomea vyuo vya polisi kama wengine, wengi walikuwa polisi wa mji kabla ya kuhamia reli. Kwenye kitambulisho cha wengi utakuta wameandikwa Special Agent na siku nyingi hawavai sare, ndo maana mtu kama mimi anawadharau.

Sasa usiwachanganye na wengine. Amtrak, ile ya abiria inayoenda majimbo mengi, ina polisi wake chini ya sheria yake yenyewe ya shirikisho. Treni za mijini kama za New Jersey au Philadelphia zina polisi wa mashirika ya umma, hao ni kama polisi wa serikali tu. Mkaguzi wa FRA, yani mamlaka ya shirikisho ya reli, yeye anakagua reli na breki na saa za kazi, hakukamati. Na kuna walinzi wa kawaida wa getini, wale wa kampuni za ulinzi, hao kweli hawana upolisi, anaweza kukuzuia kuingia na kukuambia utoke na kuita polisi, basi.

Utawatofautishaje? Uliza. Kwa upole tu, samahani afande unatoka idara gani, naomba jina na namba ya beji. Askari wa kweli atakuonyesha kitambulisho chenye picha na jina la reli. Kama una wasiwasi, na huu sio wasiwasi wa kijinga maana matapeli wapo, mwambie nataka kuhakikisha, piga 911 waeleze uko wapi na nani kakusimamisha, wao wanaweza kuuliza. Usikimbie huku ukihakikisha. Kukimbia ndo kunageuza onyo kuwa pingu.

Swali la kujiuliza: hii ardhi ya nani?

Polisi wa mji mamlaka yake yanafuata mipaka ya mji. Polisi wa reli mamlaka yake yanafuata mali ya reli, na mali ya reli ni kamba nyembamba iliyokatiza nchi nzima. Union Pacific peke yake ina maili kama 32,000 kwenye majimbo 23. Sasa fikiria askari aliyepewa kibali Nebraska anamfuata mwizi wa kontena mpaka Iowa, zamani akivuka mstari anakuwa raia wa kawaida. Bunge la Marekani likalitatua hilo mwaka 1990, iko kwenye mlango wa 49 wa sheria za shirikisho, kifungu 28101, inasema askari wa reli aliyepewa kibali na jimbo moja anaweza kusimamia sheria za jimbo lingine lolote ambako reli yake ina mali, kwa kiwango kilekile ambacho askari wa reli wa jimbo hilo anaruhusiwa. Na wametaja analinda nini: wafanyakazi, abiria na wateja wa reli, mali na mitambo ya reli, mizigo ya biashara iliyo mikononi mwa reli, na watu na vifaa vya ulinzi wa taifa vinavyosafirishwa kwa treni. Hivyo vinne ndo kazi yake. Kampuni nayo inatakiwa kuliandikia kila jimbo anakoenda kufanya kazi, itaje jina la askari, namba ya beji, tarehe ya kibali, mafunzo yake, na picha za vitambulisho, kwahiyo jimbo linatakiwa liwe na jalada lake.

Soma tena hayo maneno kwa kiwango kilekile. Maana yake hakuna jibu moja la nchi nzima. Askari anapokuja jimbo la watu anavaa viatu vya jimbo hilo, na majimbo hayafanani. Texas kwa mfano wamempa upolisi kamili kwenye kulinda mali na watu wa reli lakini wakamnyima kuandika tiketi za trafiki. Ila usifurahi haraka, dakika kumi tu trupa, yani polisi wa doria wa jimbo, anafika na huyo anacho kitabu cha tiketi.

Na nje ya ardhi ya reli je? Hapa ndo watu wengi wanajidanganya, mtu anaruka uzio anasema nishatoka kwenu. Kanuni za shirikisho zinasema akiwa jimbo la ugenini nguvu zake za upolisi ni kwenye mali ya reli, lakini anaruhusiwa kumfukuzia nje mtu anayemshuku kavunja sheria ndani ya mali hiyo, na anaruhusiwa kupeleleza na kukamata nje kabisa ya reli kama sheria ya jimbo inamruhusu. Kwahiyo viatu vilivyoibwa kwenye kontena vikionekana vinauzwa kwenye gereji ya mtu, usishangae jamaa wa reli yupo mlangoni na hati ya upekuzi iliyosainiwa na hakimu, mara nyingi pamoja na polisi wa kaunti.

Canada wao wamepima kwa mita, sheria yao ya usalama wa reli inasema konstebo wa reli, anayeteuliwa na jaji, ana nguvu kwenye mali ya reli na ndani ya mita 500 kutoka hapo. Kwahiyo nyie mnaovuka mpaka na mzigo msichukulie mambo ni yaleyale.

Ardhi ya reli yenyewe ni pana kuliko macho yanavyoona. Sio zile chuma mbili tu. Ni mataruma, kokoto, mtaro, kijinjia cha pembeni ambako watu wanafanyia jogingi, mara nyingi futi 50 kila upande ukipima toka katikati ingawa sehemu nyingine ni zaidi au pungufu. Madaraja na mahandaki yote ya treni ni yao. Uzio usipokuwepo sio ruhusa, kibao kisipokuwepo majimbo mengi bado ni kosa. Sehemu ya umma ni kivuko tu, pale barabara inapokata reli, na kivuko chenyewe ni cha kuvuka, sio cha kusimama kupiga picha za harusi. Ndio, picha za harusi, watu wanafanya sana na ni ujinga mtupu, treni inachomoza nje ya reli kama futi 3 kila upande na ile ya mizigo ikiwa na mwendo wa maili 55 kwa saa inahitaji maili nzima au zaidi kusimama. Dereva akikuona ameshachelewa. Mamia ya watu wanakufa kila mwaka huku kwa kutembea tu relini, na askari wa reli ndo wanaookota miili hiyo, kwahiyo ukimkuta ana hasira na kitu unachoona kidogo ujue hasira hiyo ina sababu.

Wapenda treni wenye kamera: ukiwa barabarani, kwenye paki ya umma, au uwanjani kwa mtu aliyekuruhusu, piga picha zako, treni inayoonekana toka sehemu ya umma inaweza kupigwa picha na hawezi kukulazimisha ufute. Anaweza kuja kukuuliza unafanya nini, mjibu vizuri tu, BNSF walishawahi hata kuanzisha mpango wa kuwaandikisha wapenda treni wawe macho yao. Tatizo linaanza ukisogea hatua tano kupata engo nzuri ukajikuta kwenye kokoto.

Akikusimamisha

Zima injini, mikono ionekane, salimia. Mwite afande au ofisa, usimwite soja. Kama uko kwenye usukani barabarani au umetoka kuendesha toa leseni. Kama ni kwa miguu, majimbo kadhaa yana sheria inayokulazimu kutaja jina lako polisi akiwa na sababu ya kukushuku, na Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali sheria ya namna hiyo mwaka 2004 kwenye kesi iliyotoka Nevada, kwahiyo jina toa, sio hasara. Alafu uliza swali moja, niko huru kwenda? Akisema ndiyo, ondoka, taratibu, kwa njia ya barabara na sio kukatiza tena relini (usicheke, nimeona mtu anafanya). Akisema hapana, basi umezuiwa, na hapo haki zako ni zilezile ambazo ungekuwa nazo mbele ya polisi wa mji.

Hili watu hawaamini, wanadhani kwa vile ni wa kampuni basi katiba haimhusu, au kinyume chake wanadhani kwa vile ni wa kampuni anaweza kufanya lolote. Hapana. Akitumia nguvu alizopewa na jimbo, mahakama zinaweza kumhesabu kama mkono wa jimbo. Kukupapasa nje ya nguo akihofia silaha anaruhusiwa akiwa na sababu, kama polisi wote. Kupekua gari lako anahitaji ruhusa yako au hati au sababu ya kutosha kisheria. Una haki ya kunyamaza, una haki ya wakili, na akikukamata akataka kukuhoji lazima akusomee haki zako. Akikuuliza naomba niangalie ndani ya kabini, unaweza kusema kwa heshima kabisa, afande sikubali kupekuliwa lakini sitakuzuia. Sentensi hiyo ikariri kwa Kiingereza nyumbani uwe nayo tayari: I do not consent to a search. Akipekua baada ya hapo usimshike mkono, mambo mengine ni ya wakili baadaye.

Ila kuna mtego kwa sisi wa malori. Ukiingia getini kwa kampuni mara nyingi kuna kibao kinasema gari lolote linaloingia au kutoka linaweza kupekuliwa, na wakati mwingine mkataba wa kampuni yako na reli unasema hivyohivyo. Ukikataa getini pengine hawatakufunga, watakufungia geti, na kampuni yako itapigiwa simu kwamba dereva huyu asirudi tena. Haki ya kukataa unayo, kazi sijui. Amtrak nao wako hivyo kwa abiria, wanaweza kukuchagua bila mpangilio wakague begi, ukikataa hupandi, unarudishiwa nauli yako unaenda zako.

Ukikamatwa, usitegemee mahakama ya reli, hakuna kitu kama hicho. Reli haina jela wala haina hakimu. Unapelekwa jela ya kaunti, mwendesha mashtaka ni wa kaunti, jaji ni yuleyule wa kila siku, dhamana ileile. Kukanyaga mali ya reli bila ruhusa majimbo mengi ni kosa dogo, faini au siku chache, lakini kudokoa mzigo unaosafiri kati ya jimbo na jimbo ni kosa la shirikisho, na hapo FBI wanaweza kuingia. Kuharibu ishara au kuweka kitu relini ni balaa kubwa zaidi, hata kama mtoto wako anaona ni mchezo kuweka jiwe.

Na kama huna uraia, sikiliza hapa vizuri. Kosa dogo la wizi ambalo kwa Mmarekani ni faini na kwenda nyumbani, kwako linaweza kukugusa makaratasi yako yote. Usikubali kosa lolote ili tu utoke haraka. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2010 kwamba wakili wa jinai lazima akueleze madhara ya uhamiaji kabla hujakubali kosa, kwahiyo muulize waziwazi, nikikubali hili makaratasi yangu yanakuwaje. Pia una haki ubalozi wenu ujulishwe kwamba umekamatwa, hiyo ni mkataba wa Vienna wa 1963, unasema tu nataka ubalozi wangu ujue.

Madereva wa makontena: sili, sili, sili

Hapa nakaa kidogo maana ndo panapouma. Sehemu kubwa ya kazi ya polisi wa reli ni wizi wa mizigo. Mnakumbuka zile picha za Los Angeles mwanzoni mwa 2022, reli imefunikwa na maboksi matupu kama theluji mpaka gavana akaenda na glavu kuokota takataka. Mwizi anasubiri treni ipunguze mwendo au isimame, anakata sili, yani kile kifungo chenye namba kinachofunga mlango wa kontena, anachagua, anatupa asichotaka. Kontena linaendelea na safari mlango umerudishiwa. Linafika yadi. Linashushwa kwenye chesisi, yani trela la kubebea kontena. Na anayekuja kulichukua ni wewe.

Kwahiyo kabla hujagusa breki tembea nyuma ukaangalie sili. Namba ya sili iliyo mlangoni ifanane na ya kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Ivute. Angalia bolti kama imekatwa ikaunganishwa na gundi au rangi haifanani, angalia na ribiti za komeo maana kuna wanaoacha sili salama wakang'oa komeo zima. Piga picha ya sili, ya mlango mzima, na ya namba ya kontena, simu iweke muda. Kukiwa na tatizo lolote USITOKE NJE YA GETI. Ukishatoka, kontena liko mikononi mwako, na askari wa reli atakapokuja na maswali wiki mbili baadaye jina la mwisho kwenye mnyororo ni lako. Baki ndani, waambie watu wa geti waite polisi wa reli waje waandike ripoti, mpigie na dispacha wako, yani yule anayekupangia safari, na usiondoke bila namba ya ripoti. Utapoteza masaa, dispacha atapiga kelele, mwache apige.

Ukihojiwa kama shahidi toa picha zako na karatasi zako, huo ni ushirikiano wa kawaida na jamaa hawa wanauthamini, wengi nilioongea nao tangu ile siku ya aibu ni watu wa kazi tu. Lakini ukianza kusikia maswali yamegeuka, ulisimama wapi usiku ule, nani alijua njia yako, simu yako tuione, hapo umeshahama toka kwa shahidi. Sema nitajibu nikiwa na wakili, alafu nyamaza kweli, sio unasema hivyo alafu unaendelea kuongea dakika ishirini kama nilivyomsikia jamaa mmoja anasimulia kwa kujisifu.

Kitu kingine cha madereva, vivuko. Ukivunja sheria ya kivuko na lori, mfano kuingia wakati hakuna nafasi ya kutosha ng'ambo mkia ukabaki relini, ukipatikana na hatia leseni yako ya kuendesha malori inasimamishwa siku zisizopungua 60 kosa la kwanza, 120 la pili ndani ya miaka mitatu, mwaka mzima la tatu. Polisi wa reli wana tabia ya kukaa karibu na vivuko sugu pamoja na polisi wa mji, kwahiyo usiseme hakuna anayeona.

Alafu kama lori limekwama relini usianze kulikwamua. Shuka, kila mtu ashuke, kimbia mbali na reli lakini kimshazari kuelekea treni inakotokea, ndio kuelekea, maana ikigonga vipande vinarushwa kule inakoenda. Alafu tafuta kibao cha bluu, kila kivuko kinacho, kwenye nguzo au kwenye kibanda cha umeme. Kina namba ya simu ya reli na namba ya kivuko, tarakimu sita na herufi moja mwishoni. Piga hiyo kwanza, maana wanaoweza kusimamisha treni ni reli wenyewe, 911 watabidi wawatafute na dakika hizo huna. Ukimaliza ndo unapiga 911. Kibao hichohicho ndo cha kutumia ukiona watu wanachezea reli, kontena limefunguliwa, au mtoto anatembea darajani, simu ile itawafikia polisi wa reli haraka kuliko wewe kuanza kutafuta ofisi yao, ambayo inaweza kuwa majimbo mawili kutoka ulipo.

Na tafadhali, treni ikiziba kivuko nusu saa usipande katikati ya mabehewa kupita. Najua inakera, najua watoto wanachelewa shule. Inaweza kuvuta bila honi wala onyo.

Ukionewa

Hapa ndo udhaifu wa mfumo wote ulipo kwa maoni yangu. Polisi wa mji ukigombana naye kuna meya, kuna baraza, kuna sheria ya kuomba kumbukumbu. Polisi wa kampuni, kumbukumbu zake ni za kampuni binafsi, na sheria za kuomba nyaraka za umma mara nyingi hazimfikii. Amtrak ni tofauti, hao sheria ya shirikisho ya nyaraka inawabana. Na wakati mwingine anayechunguza ndo anayelipwa na anayechunguzwa. Canada hiyo ilikuwa kelele kubwa, treni ya Canadian Pacific iliacha reli karibu na Field, British Columbia, Februari 4, 2019, wafanyakazi watatu wakafa, na polisi waliochunguza mwanzoni walikuwa wa kampuni hiyohiyo, mpaka RCMP, yani polisi wa taifa wa Canada, wakaja kufungua uchunguzi wao baadaye.

Kwahiyo kumbukumbu tengeneza mwenyewe. Siku hiyohiyo, kabla hujalala, andika saa, mahali halisi pamoja na namba ya maili kama umeiona kwenye nguzo, jina, beji, namba ya gari, maneno aliyosema, nani aliona. Kama alikuandikia karatasi ipige picha pande zote mbili. Ukiumia nenda hospitali na useme umeumiaje ili iandikwe. Alafu malalamiko yapeleke sehemu mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni idara ya polisi ya reli yenyewe, kwa maandishi. Ya pili, na hii ndo wengi hawaijui, ni kule kibali chake kilikotoka, yani jimbo, iwe ni polisi wa jimbo, idara ya usalama wa umma au ofisi ya gavana. Wao ndo waliompa upolisi, na jimbo lililotoa kibali ndo la kuulizwa kama bado anastahili kuwa nacho. Kampuni inaweza kulinda mtu wake, ila bila kibali cha jimbo huyo mtu anarudi kuwa mfanyakazi mwenye pikapu. Kama haki zako za katiba zimevunjwa kweli, wakili anaweza kufungua kesi ya haki za kiraia mahakama ya shirikisho, na hizo kesi zina muda wa mwisho unaotofautiana jimbo hadi jimbo, kwahiyo usikae mwaka mzima unasimulia tu.

Mi ile siku yangu sikulalamika popote maana kosa lilikuwa langu. Ila yule askari kabla hajaondoka alinionyesha kwa kidole kivuko kilipo, mita kama mia nne tu kumbe, uvivu wangu ndo ulikuwa unahesabu dakika kumi na tano.